Wimbo Katikati ya Bingo

Alhamisi, 4 Oktoba 1973

Bendi yetu, Taa za Nyuma, inajulikana mji mzima wa Rotherham. Haya, nusu yake. Haya, mtaa wetu.

Leo mazoezini Trevor Hoyle, mpiga gita, kaleta mkosi. Baba mkwe wake ana duka la mazulia na anamtaka aanze kazi Novemba, Jumamosi zikiwemo. Tusipopata mkataba wa kurekodi mwezi huu, Trevor anaacha muziki. Nikamwambia aende zake, bendi ni mimi mwimbaji. Duggie, mpiga ngoma, akauliza kwa upole nyimbo atatunga nani. Swali gani hilo! Ni kweli Trevor anatunga maneno na muziki. Lakini anayevaa koti la rangi ya fedha ni nani? Anayevunjika kifundo cha mguu kwa viatu vya raizoni, soli nene kama tofali, ni nani?

Hata hivyo nimechukua hatua. Nimempigia simu bwana mmoja wa kampuni ya santuri kule London, Julian Farquhar. Nikamwambia kila tukipiga, watu wanazimia na polisi wanaitwa. (Waliitwa kweli, mara moja. Gari letu lilikuwa limeziba mlango wa zimamoto.) Atakuja Jumamosi kutuona klabu ya wachimba makaa!

Ijumaa, 5 Oktoba

Treni ya Farquhar inafika saa tatu kasoro robo usiku. Saa tatu kamili klabu ina bingo, ule mchezo wa kukata namba kwenye kadi zinaposomwa. Balaa!

Bingo ikianza pale, hakuna anayekohoa. Baa inafungwa. Mwaka jana mchekeshaji mmoja alipiga chafya namba zikisomwa, hajapata kazi mpaka leo. Nikaenda kwa Mzee Sugden, katibu wa burudani, na pai ya nguruwe ya moto, nikamwomba acheleweshe bingo nusu saa tu. Aliila yote. Akafuta masharubu. Kisha akasema hata Malkia akija na taji lake kichwani, atasimama mlangoni mpaka mshindi apatikane.

Pai nzima! Hata kipande hakunikatia.

Jumamosi, 6 Oktoba

Ushindi! Ushindi! Nimelewa, na si kwa bia peke yake.

Mwanzo ulikuwa mbovu. Tuliimba, watu wakaendelea kula njegere zao. Kisha bingo. Vichwa vyote chini, kalamu mkononi. Ndipo Farquhar akaingia na skafu ya hariri, akakuta ukumbi kimya na bendi imekaa kando imejikunyata. Akatazama saa yake. Akatazama mlango.

Niliogopa, nakiri. Akilini nilimwona Trevor anapima mazulia. Nikajiona mimi, bila Trevor, nikiimba nyimbo za watu kwenye harusi za watu. Nikaruka jukwaani, nikawasha vyombo, nikaimba wimbo wetu mpya kwa nguvu zote. Duggie hajui kukataa, akapiga. Trevor alipanda akinitukana mama na baba, lakini gita lake lilikuwa tamu ajabu.

Kumbe bibi mmoja mwanachama, Bi Edna Clegg, alikuwa amebakiza namba moja tu ashinde zawadi kuu, wiki nzima ya mapumziko ufukweni Scarborough pamoja na chakula. Namba ikasomwa. Nani aisikie? Bi Edna akapanda juu ya kiti akapiga yowe. Ukumbi mzima ukasimama. Akina mama wanalia, pai zinaruka, kiatu kikanipita sikioni. Wakapanda jukwaani, "Mshikeni huyo mwehu!", koti likachanika mgongoni. Niliimba mpaka Mzee Sugden akakata umeme.

Namkuta Farquhar machozi yanamlenga. Anasema kule London wanaorarua nguo za waimbaji ni wasichana wadogo. Hapa ni bibi zao! Hajawahi kuona mapenzi makali namna ile. Trevor akafungua mdomo amweleze ukweli. Nikamkanyaga kwa raizoni.

Jumapili, 7 Oktoba

Kamati ya klabu imekutana baada ya ibada. Tumefungiwa maisha, bendi nzima, na klabu zote za jimbo letu la Yorkshire zimearifiwa. Nikacheka. Msanii mwenye mkataba ana haja gani na klabu?

Jioni Farquhar kapiga simu. Mkataba upo, kwa sharti moja. Jumamosi anakuja na mitambo kurekodi wimbo palepale, mbele ya watu walewale. Bila wao hakuna mkataba.

Sicheki tena.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimempelekea Bi Edna maua niliyoyachuma njiani. Ile njia kumbe ni bustani yake. Alinifungia mlango, akanirushia maua dirishani, na chungu chake.

Baadaye akaenda Trevor, mikono mitupu. Akaomba msamaha, akanywa chai, akasikiliza habari za marehemu Bwana Clegg na njiwa wake mpaka giza likaingia. Wamepatana, na kamati itatufungulia kwa usiku mmoja, Bi Edna mwenyewe atahakikisha. Bingo irudiwe, zawadi ileile, na sisi tukae kimya mpaka mwisho. Baada ya hapo turekodi, na kila mwanachama ana ruhusa ya kunirushia pai wimbo mzima. Bi Edna amesema kazi hiyo ataifanya bure.

Unaona wanavyonipenda?

Jumamosi, 13 Oktoba

Tulikaa kimya. Duggie alinishika mkono mmoja, Trevor mwingine. Na Bi Edna akashinda! Scarborough ni yake! Ukumbi ulishangilia hadi glasi zikagongana rafuni.

Tukaanza. Pai ya kwanza ilitua kifuani, ya pili sijui, macho yalikuwa yameziba. Lakini kiitikio cha pili kilipofika, pai zikapungua. Nikajifuta njegere usoni. Walikuwa wanaimba! Wachimba makaa, wake zao, Mzee Sugden na masharubu yake, wote. Na sauti ya Bi Edna juu ya sauti zote. Nilimtazama Trevor naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze bendi hakuna aliyemtukana mwenziwe.

Jumanne, 6 Novemba

Tumebanana jikoni kwa Trevor saa ya chakula cha mchana, redio katikati ya meza. Orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi ikasomwa. Namba ishirini na saba nchi nzima: Taa za Nyuma! Mke wa Trevor alilia. Duggie alibusu redio. Baba mkwe akasema mazulia yatasubiri, akamkumbatia Trevor, hata mimi akanikumbatia, kwa bahati mbaya nadhani.

Trevor anasema tumeshinda kwa sababu tuliomba msamaha, tukangoja bingo iishe. Maskini! Hana kichwa cha biashara. Siri ni kuimba pale watu wote wanapokuwa kimya. Jumapili hii mji mzima unakusanyika kwenye mnara kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Meya yupo, padre yupo, wazee na nishani zao. Kisha dakika mbili za kimya kabisa.

Nimeshaazima kipaza sauti.