Karatasi ya Ukweli Yaingia kwa Dobi

Watu walimwita Profesa, na shule alikuwa ameipitia kweli: aliipita kila asubuhi akienda kutafuta wa kumlaghai. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, akicheka kuliko wanaomsikiliza, ila hakisimulii akiwa amesimama.

Siku hiyo alisimama mlangoni kwa dobi kwa sababu ya suti. Ilining'inia nyuma ya kaunta, ya sufu, bluu nzito, mwenyewe hajaifuata mwaka wa tatu. Profesa aliitazama mara moja tu, akajua fundi aliyeishona alikuwa amempima yeye usingizini.

Ndani, mama mmoja wa sauti nene alikuwa anadai pete yake. Aliisahau kwenye mfuko wa koti alilolileta jana. Koti lipo, pete haipo.

"Narudi alasiri," alisema. "Nisipoiona, nakuja na polisi!"

Alipotoka, Profesa akaingia. Penye kilio cha mwenziwe ndipo penye mlango wake.

"Bosi, mimi ni mpima kweli. Nina karatasi. Mkono wa mwizi ukiigusa, inakuwa nyekundu kama damu."

Mwenye duka akamvuta pembeni. "Inaweza kumchagua mwizi ninayemtaka mimi?"

"Hiyo ndiyo kazi yake hasa."

"Basi imchague Bi Povu, yule bibi wa mabeseni. Nikimfukuza kwa wizi, maneno yamekwisha."

"Na mimi nimechagua suti ile."

Wakapeana mikono.

Bi Povu alikuwa amefua pale miaka thelathini. Alikuwa na jina jema na mikono miwili. Akiba nyingine hakuwa nayo. Profesa akamrushia suti.

"Nifulie upesi, bibi, nitaivaa leo leo. Tia dawa kali."

"Kali ipi, mwanangu? Nina sabuni ya pole, nina magadi, nina kostiki."

"Iliyo kali kuliko zote."

"Lakini hii ni sufu. Kostiki ni ya kuzibulia mabomba."

"Bibi, unamfundisha Profesa? Povu ni povu. Mimi vitu vya pole sikuvizoea."

"Haya. Mungu shahidi, na hawa wenzangu wawili wamesikia," akasema Bi Povu, akachota kostiki kwa kijiko cha mti.

Sasa, elimu ya Profesa yote ilitoka jikoni. Karatasi zake alizilowesha katika bizari ya manjano, akazianika. Ndimu haizibadili rangi. Chumvi ya mezani haizibadili. Magadi nayo ni chumvi, lakini ni chumvi yenye upande, ule wa sabuni, si wa ndimu: yakizigusa tu, zinakuwa nyekundu. Kwa hiyo alasiri akapanga mabakuli matatu ya maji, moja kwa kila mfuaji. Mawili akayatia chumvi ya mezani, la Bi Povu akalitia magadi, akakoroga kwa kidole. Kwa macho, maji yote ni yale yale. Mpango ulikuwa mzuri hata akajipigia makofi moyoni. Jambo moja tu lilimpita msomi huyu: kwamba yuko kwa dobi.

Mwenye pete akarudi, akasimama mikono kiunoni. Mfuaji wa kwanza akachovya mkono, akabonyeza karatasi. Nyekundu. Wa pili. Nyekundu. Bi Povu. Nyekundu.

"Wameniibia wote?" akauliza yule mama.

"Ni... ni kikundi," akasema Profesa.

"Hebu na wewe bonyeza," akasema Bi Povu.

Akabonyeza kwa kidole kile kile cha kukorogea. Nyekundu kuliko zote.

Bi Povu akacheka mpaka akashika beseni. "Mwanangu, hii ni bizari! Miaka thelathini napigana nayo kwenye mashati meupe. Ikiona sabuni inakasirika, ikipewa ndimu inatulia." Akakamulia ndimu juu ya karatasi yake, ikarudi manjano. "Sisi hapa tumelowa sabuni mpaka ndotoni. Tena karatasi yako inajua upande, haijui nguvu. Kwake magadi na kostiki ni mapacha."

Profesa akaona macho ya yule mama yanapima shingo yake. Ulimi ukakimbilia uongo uliokuwa karibu.

"Ndiyo maana! Karatasi haimtafuti mwekundu. Inamtafuta asiyekuwa mwekundu! Mwizi ni mkono usio na sabuni!" Akaukamata mkono wa Bosi, akaubonyeza. Manjano safi.

Profesa mwenyewe hakujua amesema nini. Yule mama alijua.

"Koti nilikupa wewe, mkononi," akamwambia Bosi. "Mifuko anapekua nani?"

"Hupekuliwa kaunta, kabla ya maji," akajibu Bi Povu taratibu. "Ni amri yake mwenyewe."

Mama akavuta droo ya kaunta. Pete ilikuwa chini ya kitabu cha risiti, imelala kama mtoto aliyeshiba. Bosi akapiga magoti, akakiri alitaka kumsingizia Bi Povu, akamwomba radhi mbele ya wote, na jina la bibi likarudi jeupe.

Aliyeshtuka zaidi ni Profesa. Kweli haikuwahi kumtoka kinywani, na hii ilimponyoka. Lakini ujira ni ujira: akaitwaa suti kambani.

"Usiivae, mwanangu. Nilikuambia sufu na kostiki hazikai nyumba moja."

"Wivu huo, bibi," akasema, akaivaa ingali mbichi, nguo zake kuukuu akaziacha ndani ya beseni.

Hatua kumi barabarani, akainua mkono kuwasalimia akina mama waliokuwa dukani. Mkono ulipanda, shati la ndani likaonekana. Mkono wa koti ulibaki chini, vumbini. Akainama kuuokota. Suruali ikaaga kwa nyuma, kimya kimya, kama mgeni mwenye adabu.

Akajifunika kwa alichokuwa nacho: karatasi za ukweli, moja mbele, tatu nyuma. Na kila iliyoigusa sufu ile yenye kostiki ikawa nyekundu papo hapo.

Bi Povu alikuwa mlangoni, anakausha mikono.

"Haya sasa," akasema. "Hapo karatasi imepima kweli."