Ushahidi Chini ya Benchi

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi kaniwahi! Lile bomu la stendi (halikuumiza mtu, limeng'oa choo tu) anasema serikali imelitega yenyewe, ipate kisingizio cha kutupekua mifuko. Wateja midomo wazi. Na mimi ndiye mleta habari wa kibanda kile tangu nihamie mtaa huu! Nikamdai ushahidi. Akasema, mzee wangu, futa povu sikioni kwanza. Wamecheka!

Jumanne, 4 Machi
Ushahidi nitauleta mimi. Kuna wanaume wawili wenye vizibao vya njano, kila asubuhi hunong'onezana kwenye benchi la stendi. Basi hawapandi. Serikali hao! Nitaficha redio-kaseti yangu pale iwarekodi. Siku tuliyokimbia kwetu wenzangu walibeba magodoro. Mimi niliibeba redio hii. Binti yangu kaonya: baba, ukiipoteza usinililie. Mpelelezi hapotezi kitu, mwanangu.

Jumatano, 5 Machi
Mfuko mweusi. Waya wa maikrofoni umechomoza, nimeukaza kwa utepe wa gundi. Kaseti inagonga tik, tik. Uzee, magoti yangu pia. Nimeuweka, nikaondoka bila kugeuka. Kitaalamu!

Mchana. Makubwa! Stendi imefungwa. Filimbi, mbwa, askari. Kuna bomu jipya, tena kwenye benchi lilelile! Si nilisema? Nikawa naruka kwa furaha kama mtoto. Askari wakalilipua. Puu! Kikaanguka kitu mbele ya kiatu changu. Kitufe cha kutafutia stesheni. Kimezungushiwa uzi mwekundu.
Uzi niliufunga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Wenye vizibao ni wafagiaji wa stendi. Ndio walioita polisi. Mkuu wa kituo amenifokea hadi akakaukiwa mate. Binti yangu hakunifokea. Kaniwekea chai, kasema, pole, baba. Hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa kinyozi, nikakiweka kile kitufe mbele ya kioo chake. Nikauliza, nani kalipua? Nikajijibu mwenyewe: Serikali! Mchana kweupe, mbele ya umati! Wewe ulisema, mimi nimethibitisha. Benchi zima likanisogezea nafasi. Raha iliyoje!
Kinyozi, mbishi kama kawaida, akasema jambo la mara moja huenda ni bahati tu.
Ana haki. Ameniazima redio yake. Jumatatu naiweka posta.