Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeijaza vijiti vya memori kompyuta kuu ya ofisi yetu ya ramani mpaka pakakosekana pa kupachika hata kimoja zaidi. Wazo langu! Alhamisi meneja atamteua mkuu wa chumba cha kompyuta. Tunaowania ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Nikaiwasha. Feni zikavuma. Skrini, giza totoro. Nikasubiri kwa subira kubwa, yaani mpaka chai ikapoa kidogo. Nikaizima, nikaiwasha. Giza! Shemeji akachungulia, akauliza kama nimenunua kompyuta au sufuria.

Jumanne, 4 Machi
Nimechomoa vijiti, nimevipangusa kwa shati, nimevirudisha. Giza. Nimechomeka diski ili niweke upya mfumo endeshi. Giza. Nimezima na kuwasha hadi swichi ikapata joto. Shemeji akasema, “Iache, shemeji! Memori ikiwa nyingi, mashine huikagua yote kwanza ndipo iamke.” Niiache! Adui akikupa ushauri, fanya kinyume. Nyumbani mke wangu ameuliza kwa nini simsikilizi kaka yake. Nimeomba chumvi.

Jumatano, 5 Machi
Hila mpya. Nimebandika mlangoni tangazo la hatari ya umeme ili shemeji asiingie. Nikaiwasha kompyuta, nikaipiga teke ubavuni, nikatoka kulitazama tangazo langu. Lilipendeza. Mlango ukajifunga, ufunguo ndani! Fundi wa makufuli alipofika, akalisoma tangazo na kukataa katakata kugusa kitasa. Nimembembeleza hadi baada ya chakula cha mchana. Tulipoingia, skrini iling’aa! Mfumo endeshi ulikuwa umewaka, unasubiri nywila kwa adabu. Kumbe dawa ni teke.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja amefika, ameikuta inafanya kazi. Hata shemeji amenisifu. Meneja akaninyooshea mkono wa pongezi. Nikamwomba kwanza ashuhudie kipaji changu. Nikaizima mbele yake. Nikaiwasha. Teke! Giza. Shemeji akamvutia meneja kiti, akasema tusubiri tu. Tukasubiri. Ghafla skrini ikapepesa, maandishi yakaanza kutokea. Nikadhani ni hitilafu, nikaizima upesi.
Cheo amepewa shemeji.
Sina kinyongo. Kosa langu nimelijua: leo nilitumia mguu wa kulia. Kesho nitaamka mapema nimwonyeshe meneja ule wa kushoto.