Diski ya Mwalimu Antoni

Jumanne, 3 Machi 1998

Mteja mzito leo. Mwalimu Antoni, mstaafu kutoka Ukerewe. Kashuka na meli ya asubuhi, kavaa koti, mkononi kifurushi cha khanga. Nikampa shikamoo na kiti chenye mgongo. Ndani ya khanga, diski ngumu ya kompyuta, ile inayokaa ndani ya mashine.

Akaeleza. Yeye na marehemu mkewe wameandika kamusi ya Kikerewe kwa miaka mingi. Karatasi zote zilienda na maji, mvua za El Nino zilipobomoa ukuta wa nyumba. Kilichobaki ni kile alichopiga kwenye kompyuta ya parokia, na sasa diski yenyewe imekuwa balaa. Kompyuta yoyote ikiunganishwa nayo inazima. Ya parokia imezima, ya shule jirani imezima. Jumapili kuna padri anasafiri kwenda Dar, ndiye atakayeifikisha kamusi kwa wachapaji.

Nikamwambia ni kirusi. Nilisema kwa sauti ya daktari. Mwalimu akaniangalia kidogo, akasema anashukuru kwamba amefika kwa mtaalamu. Amefikia kwa dada yake kule Kirumba, atapita kila siku.

Alipoondoka nikaiunganisha. Nikabonyeza swichi. Tiki, kisha giza. Feni ilianza kuzunguka ikasimama, kama mtu aliyekumbuka jambo njiani. Nikachomoa diski, kompyuta ikaamka bila neno. Nikairudisha. Tiki, giza. Nilikaa nikiikodolea macho mpaka chai ikapoa. Mashine hii nimeilisha umeme mzuri miaka yote. Haijawahi kunikataa namna hii.

Mke wangu Odeta, ambaye hupiga chapa kwenye meza ya pili, aliuliza kirusi kinaumaje mashine ambayo haijawaka. Nilimjibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata jibu wakati naoga. Mashine yangu ni ndogo, inazidiwa nguvu. Inatakiwa kubwa.

Kubwa iko kwa shemeji Yakobo, mdogo wake Odeta, karani wa kinu cha pamba upande wa Usagara. Nilimwambia nimekuja kumsafishia kompyuta bure. Bosi wake alikuwa ametoka kula. Nikafungua, nikaunganisha, nikawasha.

Hapakuwa na tiki. Palikuwa na mlio kama wa samaki anapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Halafu moshi. Halafu taa, feni na mzani wa pamba, vyote kwa pamoja, vikanyamaza. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walichungulia dirishani. Sikujua kinu kinaweza kuwa kimya kiasi kile. Nilisikia kuku wa jirani wakichakura.

Yakobo hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema polepole, "Shemeji, tokea mlango wa nyuma." Nilitoka na diski kwapani.

Kosa ni la nyaya zao. Za zamani mno.

Yakobo alikuwa ameshapiga simu duka la jirani kabla sijafika. Odeta akanipokea mlangoni. "Baba Rose, umeunguza ofisi ya mdogo wangu?" Nikamwambia ofisi haijaungua, ni kompyuta tu. Nilidhani hilo litamtuliza. Amekula peke yake.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeamka na mpango safi.

Ng'ambo ya barabara yuko Okech. Katoka Shirati, kafungua ofisi ya kompyuta mkabala na yangu huku Nyamagana kukiwa na mitaa kibao. Anavaa tai hata jua likiwa la utosi. Amechukua kazi zangu za hospitali na za harusi. Sasa, kama diski hii inaua kompyuta, kwa nini isiue ya Okech?

Mwalimu alipopita nilimweleza kwamba kirusi kimefika ngazi ya pili, na madaktari wakubwa huomba maoni ya mwenzao. Aende kwa Okech, ila asinitaje. Akaenda. Mimi nikavuta kiti dirishani, chai mkono mmoja, kitumbua mkono mwingine, nikangoja taa za Okech zizime.

Hazikuzima. Badala yake Okech akatoka, akavuka barabara na Mwalimu, kashika diski na kile kipimo chake cha umeme. Chai ilinipalia puani.

Alisema hakuiunganisha na kitu. Aliinusa tu, ikanuka kuungua. Kisha akaipima. Bodi ya chini, ile ya kijani, imepiga shoti. Umeme ukiingia unapita moja kwa moja bila kizuizi. Kompyuta nzuri inajizima kujiokoa, mbovu inaungua. Kirusi hakuna.

Mwalimu alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema daftari lake limeliwa na mbuzi. Nikaeleza kwamba mimi nilimaanisha kirusi cha umeme.

Okech akaendelea. Maneno yenyewe yamo ndani ya diski, huenda ni mazima. Inatakiwa bodi ya diski nyingine ya aina ileile kabisa. Akauliza parokia ilinunua wapi kompyuta yake. Mwalimu akasema kwenye mnada, Wazungu wa mradi wa maji walipofunga ofisi wakaondoka.

Okech akageuka taratibu, akaitazama kompyuta yangu. Mimi nilikuwa kwenye mnada ule.

Nilisema yangu ina diski tofauti. Akaomba kuiona. Nikasema imefungwa na skrubu za pekee, na bisibisi yake iko kwa mama yangu kule Magu. Odeta, bila kuinua macho kwenye mashine yake ya chapa, akasema kifuniko hakina skrubu hata moja, juzi tulikifungua kwa kijiko.

Kampuni ileile. Namba ileile.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekataa. Nina sababu. Ndani ya diski yangu mna mtihani wa majaribio wa darasa la saba, wa shule zote za kata. Mwalimu mkuu anakuja kuuchukua Jumatatu. Bodi yangu ikiharibika, watoto watafanya mtihani gani? Nilifurahi kuona kwamba ubinafsi wangu una manufaa kwa taifa.

Nilizunguka mjini nikitafuta wengine walionunua kwenye mnada. Mmoja tu nilimpata. Yake imegeuzwa kiota na kuku.

Niliporudi Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo. Hakunibembeleza. Alizungumza habari za mkewe, Teodora. Yeye ndiye aliyekuwa akienda kwa vikongwe kijiji kwa kijiji kukusanya maneno ya uvuvi, ya jikoni, ya misiba. Vikongwe hao wengi wamekufa. Naye amekufa. Kisha akasema, "Kijana wangu, mimi nilikuwa mwandishi tu. Mwenye maneno alikuwa yeye. Kuna mengine hata siyakumbuki tena."

Nilitoka nje kununua sigara. Sivuti sigara. Nilisimama pale kibandani nayo mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Nimekubali. Kwa masharti: kazi ifanyike ofisini kwangu, chini ya kibao changu kilichoandikwa Chenge, na bisibisi nishike mimi. Okech alikubali papo hapo. Nimeshangaa. Lazima kuna anachokitaka.

Jumamosi, 7 Machi

Nilishika bisibisi. Ikateleza mara mbili kwenye skrubu. Okech akaichukua mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na sikubisha.

Bodi yangu ikatoka. Ikafungwa kwenye diski ya Mwalimu. Odeta akapiga ishara ya msalaba. Okech akaniuliza kama niko tayari, nikasema muda wote niko tayari, nikafumba macho.

Hapakuwa na tiki. Feni ikazunguka na ikaendelea kuzunguka. Diski ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Nilifumbua jicho moja. Maandishi yalikuwa yanapanda kwenye skrini, mstari kwa mstari. Mimi niliyewaahidi watu kwamba itapona ndiye niliyeshtuka kuliko wote chumbani.

Mwalimu akaomba neno moja. Ni neno la ziwa, alisema, linapotulia kabisa kabla dhoruba haijaja. Mkewe alilipata kwa shangazi yake na yeye Mwalimu amelisahau. Aliikumbuka herufi ya kwanza tu. Okech akapekua kurasa, akapekua, hadi Mwalimu akanyanyua kidole.

Lilikuwepo. Chini yake mfano wa sentensi, na tafsiri: "Mume wangu usitoke sasa, ziwa linakudanganya."

Mwalimu akasema, "Hiyo ni sauti yake. Alikuwa akiniambia hivyohivyo." Akavua miwani. Okech alilegeza tai, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Tukanakili kamusi nzima kwenye diski ndogo za flopi, nakala moja ya padri, nyingine ya Mwalimu. Kisha bodi yangu ikarudi kwenye diski yangu, na mtihani wa watoto ukafunguka, haujapungua hata nukta. Okech akanikabidhi ile bodi mbovu. Akasema niitupe chooni na nisiifunge kwenye kitu chochote chenye umeme.

Jumapili, 8 Machi

Padri kaondoka na flopi. Baada ya misa, pale uwanjani, Mwalimu aliwashukuru watu wawili mbele ya waumini. "Okech na Chenge." Kwa mpangilio huo. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimuuliza Odeta, akasema nimesikia vizuri.

Watu walipanga mstari kumpa Okech mkono. Mama mmoja wa kwaya akaniuliza mimi ni msaidizi wake tangu lini. Wali ulinishinda.

Jumatatu, 9 Machi

Nimefikiri kwa utulivu.

Ni nani aliyesema bodi ile ni mbovu? Okech. Alitumia nini? Kipimo chake. Kipimo chenyewe nani alikipima? Hakuna. Mji mzima umeamini neno la mtu mmoja mwenye tai.

Bodi sikuitupa. Nimeisugua kwa spiriti na mswaki, masizi yote yametoka. Inang'aa. Kitu kinachong'aa namna hii hakiwezi kuwa kibovu. Ikiwaka, nitavuka barabara nayo mkononi, na Jumapili ijayo tutaona jina la nani linatangulia.

Diski inayooana nayo mjini hapa, mbali na ile ya Mwalimu aliyorudi nayo kisiwani, ni yangu. Mtihani bado sijauchapa kwenye karatasi, lakini mwalimu mkuu haji mpaka mchana, kwa hiyo muda upo. Odeta kaenda sokoni, hakuna wa kunichelewesha kwa maswali.

Skrubu ya mwisho ya bodi nimeshaikaza. Naandika haya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye swichi.