Mimi, Sekela na Programu ya Waandishi Chipukizi

Jumatatu, 16 Juni
Nimechaguliwa! Programu ya waandishi chipukizi, wiki nzima, ukumbini Makandana. Siku ya mwisho mmoja wetu atapata mlezi: Bi Beatrice, mwandishi wa riwaya kutoka Mbeya, atamshika mkono mpaka kitabu kitoke. Mmoja tu. Yaani mimi.
Mama hakushtuka. Kasema niwahi kurudi, kuna belo la masweta la kufungua. Duka letu la mitumba lipo hapa mtaa wa Bagamoyo, na kwa baridi hii ya Tukuyu watu wanavaa mawili mawili. Nimechomoa miwani kwenye mzigo. Mwandishi bila miwani nani atamjua?

Jumanne, 17 Juni
Miwani ina nguvu kuliko nilivyodhani, kila kitu ukungu mtupu. Nikaona kivuli cha mama wa makamo karibu na birika. Nikamwagiza chai, sukari ya kutosha, na afanye haraka. Kaleta. Kisha kaenda mbele, kajitambulisha: Beatrice. Chai ikanipalia.
Nikasoma hadithi yangu. Mwana wa mfalme, kasri, theluji. Makofi ya adabu. Akafuata msichana wa Kisondela, Sekela. Ukurasa mmoja tu: mzee kasusia harusi ya mwanawe, halafu anachungulia sherehe kupitia ua wa jirani. Hakuna aliyegusa chai yake. Mimi mwenyewe nilisahau kumwonea wivu mpaka alipoketi.

Alhamisi, 19 Juni
Haiwezekani mtu aandike vile hivi hivi. Ana siri! Leo nimepanda bodaboda kwenda Kisondela kupeleleza. Tope! Pikipiki imeteleza, nimelala chali chini ya migomba. Bibi mmoja katokea, kaniangalia, kanisalimia kwa Kinyakyusa: "Ugonile?" Yaani, umelala salama? Sijawahi kupata salamu iliyonifaa namna ile.
Kumbe ni bibi yake Sekela. Nimekamatwa! Lakini Sekela kanipa maji ya kunawa, chai na parachichi. Aibu ikanitoa ukweli: nikamwuliza siri yake ni nini. Kasema anamsikiliza bibi, anaandika, anafuta, anaandika tena. Kurasa mbovu wanawashia moto jikoni, na hapo bibi kacheka, kasema mwaka huu hawajahangaika na kuni.
Nikasema mimi sina bibi.
"Una mama, Muddy," kasema. "Mimi nikija kwenu kununua sweta, nakuja kumsikia yeye."
Niliingia kama jasusi, nimetoka na mkungu wa ndizi. Dada huyu ana roho nzuri, na ana mkono wa kuandika!

Ijumaa, 20 Juni
Baada ya swala nimekaa dukani kimya, namsikiliza mama. Mteja kalalamika sweta lina tundu. Mama kasema hilo si tundu, ni dirisha. Sweta la Ulaya limezoea kuona mbali. Mteja kacheka, kachukua mawili. Nimeandika kama ilivyokuwa. Sikuongeza mfalme hata mmoja. Iliniuma.

Jumamosi, 21 Juni
Nimesoma. Ukumbi ukacheka mpaka viti vikalia. Bi Beatrice kasema, "Leo ndiyo umeandika, kijana. Niletee duka zima."
Lakini aliyepewa mlezi ni Sekela. Kwa haki! Aliposoma mwisho wa hadithi yake, yule mzee anaitwa ndani na bibi harusi mwenyewe, machozi yalinitoka mbele za watu. Nilikuwa wa kwanza kusimama kumpigia makofi. Mikono inawaka hadi sasa. Baadaye kanifuata, kasema kila mwezi tutasomeana kazi zetu. Sekela! Na mimi!

Jumapili, 22 Juni
Nimeamka mwandishi. Nimemweleza mama msimamo wangu: mtu wa hadhi yangu hauzi masweta. Kuanzia leo sikanyagi dukani. Nitajifungia chumbani niandike kuhusu duka.
Mama kauliza, sasa nitajuaje wateja wanasema nini?
Maswali ya watu ambao hawajapitia programu!