Unyayo wa Jirani wa Kitanda

Jumatatu, 4 Machi
Bado wodini. Sukari imeshuka, chakula hakina chumvi, na mdogo wangu amekalia kiti changu cha kinyozi. Mama watoto ananiambia wateja wanamsifu. Eti ana mkono mwepesi! Mkono niliomfundisha mimi! Ijumaa lazima niwe nyumbani, liwalo na liwe.

Kikwazo kimoja tu. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kina kidonda. Hakiumi, ila kinanuka. Daktari akikiona, sitoki hapa. Nimevaa soksi. Nikiulizwa, nasikia baridi.

Jumanne, 5 Machi
Somo la kisukari. Mwalimu ni muuguzi wa hospitali kubwa ya mbali. Tunamwona kwenye kishikwambi kilichofungwa kwenye kitoroli. Uso mpole, macho ya askari wa doria. Amesema sukari huua hisia za miguu, kwa hiyo tusingoje maumivu. Tukague nyayo kila siku kwa kioo. Jirani yangu wa kitanda, fundi saa, alijibu maswali yote. Kimbelembele! Akapigiwa makofi. Mimi niliulizwa insulini huchomwa wapi, nikasema hospitalini. Wodi nzima ikaangua kicheko.

Kisha balaa: kesho kila mmoja amwonyeshe mwalimu nyayo zake kwenye kamera. Bila hivyo, hakuna kuruhusiwa.

Jumatano, 6 Machi
Kichwa hiki sikupewa cha kufugia nywele tu.

Muuguzi wa wodi aliniachia kitoroli akakimbilia mgonjwa mwingine. Fundi kalala fofofo, miguu nje ya shuka. Miguu safi! Nikamwambia mwalimu mtandao unasumbua, nikazima kamera, nikaiwasha mbele ya vidole vya fundi. Mwalimu akanisifu. Akaomba niweke kioo chini ya kisigino. Nikaweka. Uso wake ukaganda. Nikadhani mtandao umekatika kweli. Kisha akasema taratibu kuwa nina msumari umezama kisiginoni, na nisithubutu kukanyaga chini.

Daktari akaja mbio na bakuli na mkasi, akaushika mguu wangu. Soksi inavuliwa! Nikapiga kelele kuwa si mimi, ni fundi. Kweli, msumari wa kiatu. Katembea nao bila kujua. Wanasema angechelewa, mguu ungekwenda. Nikaulizwa niligunduaje. Nikasema moyo wangu haukutulia juu yake, ndiyo maana nikaanza na miguu yake. Fundi kalia, kanishika mkono, kaniita kaka. Katika shangwe ile, hakuna aliyekumbuka soksi yangu wala zamu yangu ya kamera. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha chai ikaja.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeruhusiwa! Mwalimu kanitaja kama mfano wa mgonjwa anayejali wenzake. Nilikwenda moja kwa moja kibandani, nikamwondoa mdogo wangu kitini. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakakumbuka kuwa wana haraka.

Jumatano, 20 Machi
Wodini tena. Mama watoto alinifumania navua soksi, akapiga yowe. Kidole cheusi tii. Wamekikata. Niliogopa, nililia hadharani, sikuona haya. Daktari kasema kingeonekana mapema kingepona kwa dawa na bandeji.

Fundi kaja kuniona kwa miguu yake miwili. Kanipa pole mpaka nikatamani anitukane.

Jumamosi, 30 Machi
Nyumbani. Mwalimu ameagiza nimtumie video ya nyayo zangu kwa simu kila Jumamosi, la sivyo narudishwa wodini. Nikirudishwa, mdogo wangu ataandika jina lake mlangoni mwa kibanda. Tayari kanunua rangi!

Kwa hiyo leo nimejifungia chumbani nikarekodi Jumamosi zote hadi mwezi Juni, nikibadili suruali kila mara. Kazi safi. Chini ya kidole gumba cha kushoto kuna doa jekundu, nikalipaka poda ya kunyolea. Kwenye kamera halionekani kabisa. Wala si kitu cha kunitisha, maana haliniumi hata kidogo.