Kuba Lenu ni Mbea

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Nakuamkia kwa heshima zote. Mimi ni fundi cherehani na baba wa mhitimu. Sina ugomvi na elimu. Ugomvi wangu ni na ukumbi wenu mkongwe wa mikutano, ambao wageni huupiga picha bila kujua tabia zake.

1. Kuba. Siku ya mahafali nilikaa ukutani, upande wa kushoto. Ukutani upande wa kulia, mbali kabisa, walikaa wazazi wa kijana aliyeleta posa kwa binti yangu. Mama mtu akamnong'oneza mumewe, na kuba likaniletea maneno hadi sikioni: "Msichana hana kasoro. Ila babake akishika kipaza sauti harusini, chakula tutakila kesho yake." Nikamnong'oneza mke wangu, "Basi walale njaa." Kuba likapeleka na hilo. Nikamwona mama mtu anageuka taratibu kunitazama.

2. Wakati huohuo mgeni rasmi alikuwa akihutubia, kwa vipaza sauti, juu ya umuhimu wa kusikilizana. Hakusikika. Ni jengo gani hili linalobeba umbea na kuangusha hotuba?

3. Viti vimepigiliwa sakafuni, kwa hiyo sikuweza kuhama. Watu walipoanza kutoka nikajificha nyuma ya nguzo. Nguzo zenu ni nene mno, Mheshimiwa: nilimkuta baba wa kijana kajibanza palepale, akinikimbia mimi. Akasema, "Mwenzangu, unisamehe. Mke wangu ana mdomo." Nikamjibu, "Hata mimi ninao." Tukacheka mpaka mlinzi akatutoa nje. Nguzo nyembamba ingetuepusha na aibu hii ya kupatana.

4. Kwa hiyo naomba kuba livunjwe na paezekwe mabati, ili mvua ikinyesha asisikike mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Nasikia aliyechora jengo ni marehemu. Anyang'anywe shahada hivyohivyo.

Wasalimie wahadhiri, wafagizi, yule mlinzi, na popo wa darini, ambao nadhani wanajua siri za ndoa nyingi.

Ni mimi, mwenye heshima na hasira,
Baba wa Mhitimu

Nyongeza: Posa tumeikubali, na vijana wanataka harusi ifanyike humohumo. Tafadhali kuba lisiguswe hata kwa ufagio. Wake zetu wameapa kutukalisha mbalimbali, na mimi na baba wa kijana tumeshagawana kuta: yeye kulia, mimi kushoto.